Hema Mbele ya Kinyozi

Kinyozi huyu watu walimwita Redio, na hakuwahi kukasirika. Alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, na wapo wateja waliokuja kwake na vipara vyao, hawana hata unywele wa kusingizia, wakakaa kwenye benchi kutwa nzima ili wasikilize tu. Banda lake lilikuwa na viti viwili vya kunyolea, kimoja kibovu, kioo kilichopasuka pembeni, na mlango uliotazama kiwanja cha mpira. Kwa hiyo kila kilichotokea kiwanjani kilipita kwanza machoni pa Redio, halafu mdomoni mwake, ndipo kikafika mtaani.

Jumamosi ile kilichotokea kiwanjani kilikuwa hema. Watu wa damu walikuwa wamekuja, kama wanavyokuja kila baada ya miezi kadhaa, na spika yao, vitanda vyao vya kukunja na katoni za soda. Spika iliwaomba wananchi wajitokeze kuchangia damu. Wananchi wenyewe walikuwa kwa Redio wananyolewa.

"Hebu wasikieni," Redio alisema, mashine ikinguruma juu ya kisogo cha seremala. "Harusi tunachangia, msiba tunachangia, leo na mishipa nayo tuichangie. Unalazwa pale, unakamuliwa kama ng'ombe, unapewa soda na biskuti, unaambiwa asante. Wiki ijayo damu yako iko dirishani inauzwa. Ukiugua wewe, unauziwa ya kwako mwenyewe."

Benchi zima lilicheka. Seremala alicheka mpaka Redio akamshika kichwa kwa nguvu asije akamkata sikio. Wanaume wawili waliokuwa wamesimama mlangoni wakijishauri kuvuka barabara waliangaliana, wakarudi kukaa.

Tuseme ukweli: hakuna mtu kwenye benchi lile aliyewahi kuuziwa damu, wala Redio mwenyewe. Alilisikia neno hilo kwa mteja mmoja, naye mteja alilisikia kwingine, na Redio akatia chumvi yake kwa sababu ndiyo kazi aliyoizoea. Alijua kunyoa na alijua kuchekesha. Hakuona kama kuna tofauti kubwa kati ya hayo mawili, maana yote watu waliondoka wakiwa wepesi.

Aliyevuka barabara alikuwa mmoja tu, mwalimu wa shule ya msingi ya jirani, ambaye hakukosa hata mara moja hema lilipokuja. Aliporudi na pamba imebandikwa mkononi, Redio aliwafukuza watu kwenye benchi. "Mpisheni ng'ombe wetu wa maziwa akae, ametoka kukamuliwa."

Mwalimu alikaa. Jina hilo alishalizoea. "Cheka tu, Redio," alisema. "Kile kitu kinatakiwa kiwepo kabla hujakihitaji."

"Mimi nina damu mpaka ya kugawia mbu," Redio alijibu, na benchi likacheka tena.

Mchana dada mmoja wa maabara alivuka kutoka hemani, koti jeupe, viatu vimejaa vumbi. Alisimama mlangoni akasubiri Redio amalize kisa chake. Kisha akasema, "Kaka, watu hapa wanakusikiliza wewe kuliko spika yetu. Ungetusemea maneno mawili tu, tungeshukuru. Vitanda viko vitupu."

"Maneno yangu yanalipiwa, dada, na nyinyi mnataka kila kitu bure."

Wateja waliangua kicheko. Dada naye alicheka kidogo, kicheko cha adabu, akasema asante na kurudi kiwanjani. Hata jua halijapoa walianza kukunja hema. Redio aliwatazama akiwa ameegemea mlango wake, na ndani yake alijisikia mtu mkubwa.

*

Mke wake aliitwa Mama Pacha, kwa sababu ya mabinti wawili waliozaliwa pamoja na waliokuwa bado shuleni. Kazi yake ilikuwa udobi. Alifua nguo za majirani na shuka za nyumba moja ya wageni, akazianika kwenye kamba zilizozunguka ua wote hata ukitaka kwenda msalani ulilazimika kuinama. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba katika ndoa maneno yana kiasi chake, na mumewe alishachukua fungu lake na la mwenzake.

Kwa miezi kadhaa Mama Pacha alikuwa anavuja damu. Siku zake zilianza kama kawaida lakini haziishi, na zikiisha hazikai wiki zimerudi. Alichoka, alihema akiinua ndoo, masikio yalimlia. Jirani yake, mke wa seremala, alimwambia aende hospitali, akajibu atakwenda shuka zikipungua. Mumewe hakumwambia. Mwanamume anayegeuza kila kitu kuwa mzaha humpelekei jambo usilotaka lichekewe.

Alianguka asubuhi ya Jumatatu, wiki mbili baada ya hema kuondoka, kichwa kikaangukia kwenye beseni la shuka alizokwisha kuzisuuza. Mabinti walikuwa wanavaa sare. Mmoja alimwinua mama yake kichwa kisizame, mwingine akakimbia bila viatu mpaka bandani kwa baba yake.

Hospitalini daktari alimvuta Mama Pacha kope la chini, akatazama ndani. Palikuwa peupe. Alimpima, akamminya tumbo, kisha akamwita Redio pembeni.

"Ana uvimbe kwenye kizazi, na ameupuuza muda mrefu. Tutautoa. Lakini kwa damu aliyobaki nayo siwezi kumwingiza chumba cha upasuaji, atanifia mezani. Kwanza aongezewe."

"Basi muongezeni, daktari."

"Kundi lake ni O, na mwenye kundi hilo hapokei ya kundi jingine. Nenda maabara ukaulize kama ipo. Halafu utafute ndugu na marafiki waje watoe. Fanya haraka, mzee."

Redio hakuwa mzee. Ila siku ile alionekana hivyo.

Dirisha la maabara lilikuwa mwisho wa ukumbi, na nyuma ya dirisha alikaa yule dada wa hemani, koti lile lile. Alimtambua Redio papo hapo. Redio aliona anamtambua, akajiandaa kusikia neno lake. Dada alisoma karatasi ya daktari, akainua macho.

"Pole sana, kaka," alisema. Hakuongeza kitu, na hilo lilimuuma Redio kuliko tusi.

Aliingiza mkono mfukoni, akainama karibu na dirisha, sauti chini. "Nitajie bei tu, dada. Mimi mtu mzima, naelewa mambo."

"Haiuzwi."

"Najua hamwezi kusema hadharani—"

"Kaka, ningekuwa nauza ningekuwa nayo." Dada aliinuka akafungua mlango wa jokofu lililokuwa nyuma yake, akausukuma hadi mwisho ili Redio aone vizuri. Kwenye rafu ya juu ilikuwepo mifuko michache ya makundi mengine. Kwenye rafu ya kundi O ulilala mfuko mmoja, peke yake. "Huu ndio uliobaki. Mkeo anahitaji angalau miwili, lakini huu tunaanza nao. Ngoja niuandae."

Hakuumaliza kuuandaa. Muuguzi wa wodi ya wazazi aliingia mbio, akasema maneno mafupi, daktari akapigiwa simu, naye akajibu kwa maneno mafupi zaidi. Redio aliuona mfuko unatoka mlango wa pembeni na kuelekea upande usio wa mke wake.

"Dada, ule ni wetu."

"Kuna binti amejifungua alfajiri, damu inamtoka kama bomba. Mkeo anaweza kufika jioni. Yule hafiki saa sita. Daktari ndiye aliyeamua."

"Na jioni ikifika nitapata wapi?"

Dada alivuta daftari la namba za simu, akaanza kupigia hospitali nyingine.

*

Kwenye benchi la ukumbini alikaa mzee mmoja, fundi baiskeli, mikono imeingia grisi ya miaka ambayo sabuni haiwezi kuitoa. Mkunjo wa kiwiko chake tu ndio uliokuwa msafi. Walikuwa wameusugua kwa spiriti kabla ya kumchoma sindano, na sasa palikuwa na pamba. Alikuwa baba wa yule binti, Redio alimsikia akimweleza muuguzi. Alishatoa damu tangu asubuhi, akaambiwa lazima ipimwe magonjwa, na majibu ni jioni.

Redio alikuwa anatafuta mtu wa kumtolea hasira, na huyu alikuwa karibu.

"Mzee, wewe si umeshatoa ya kwako? Kwa nini umechukua ya mke wangu?"

"Wamesema ya kwangu haitumiki mpaka ipimwe."

"Basi wote tungesubiri jioni. Karatasi ya mke wangu ilishafika dirishani, mfuko ukashikwa kwa jina lake, mara unapokonywa. Mwanao akipona kwa damu ile, mzee, ujue watoto wangu umewaachia uyatima."

Watu wawili waliokuwa wanapita walisimama. Fundi baiskeli alimtazama Redio, si kwa hasira. Alijisogeza mpaka ukingoni mwa benchi, akafuta nafasi iliyobaki kwa kiganja.

"Kaa, kijana wangu. Umesimama tangu ulipokuja."

Redio hakukaa. Aliondoka akiwa na haya iliyomchoma masikio, na kwa kuwa hakutaka kuiita haya, akaiita haraka.

*

Bandani benchi lilikuwa limejaa, maana asubuhi alikimbia akaacha mlango wazi, na wateja wakaamua kumsubiri. Redio aliwaeleza. Alieleza vibaya, akianza mwisho na kumalizia mwanzo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Wakacheka.

Walidhani ni kisa kipya. Mmoja alijipiga paja akasema, "Huyu leo kaamua kutuua." Redio alisimama katikati yao anasubiri wamalize kucheka, na hapo ndipo alipojua kicheko kile kinafananaje kwa mtu aliyesimama mlangoni.

"Sichekeshi," alisema. "Mke wangu anakufa."

Kicheko kilikatika. Seremala ndiye aliyezungumza kwanza, kwa upole, kwa sababu alimpenda Redio kwa dhati.

"Pole, ndugu yangu. Lakini hebu nisaidie nielewe. Si wewe uliyetufumbua macho na mambo ya lile dirisha? Mimi nyumbani nimeshakataza kabisa."

"Nimeliona dirisha leo. Hakuna kinachouzwa."

"Umeliona leo," seremala alisema, akitafuta pa kuweka macho. "Na kule kwingine kote tulikosikia?"

"Kule kwingine kote ni mimi."

Mmoja alikumbuka ana mgeni. Mwingine alisema yeye akiona sindano hupoteza fahamu. Wa tatu alisema mgongo. Shemeji yake Redio, kaka wa Mama Pacha, fundi rangi mwenye kifua cha kubebea mapipa, alisema kwa sauti kubwa kwamba dada yake ni damu yake, hilo halina mjadala, wampe nusu saa tu abadilishe nguo. Akaingia mitini. Simu yake ikawa haipatikani.

Redio alikwenda shuleni, akamtoa Mwalimu darasani. Jina la ng'ombe lilimfuata njia nzima.

"Mwalimu, nimekuja kwako kwa magoti."

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na kitu. "Nilitoa Jumamosi ile, Redio. Hawatanipokea mpaka miezi mitatu itimie."

"Waambie hujawahi kutoa."

"Jina langu wanalo. Na hata wasingekuwa nalo, nikianguka mimi utakuwa na wagonjwa wawili." Aliirudisha miwani machoni. "Ngoja niwape hawa watoto kazi ya kufanya, tukagonge milango pamoja."

Wakagonga. Kazi ya Redio ilikuwa kufuta kila alichowahi kukisema, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ilikirudisha kama alivyokisema, pamoja na chumvi yake. Mwanamke mmoja alimwigizia mpaka ile sauti ya ng'ombe. Hakuwa na nia mbaya. Alidhani atafurahi kujua kwamba bado anaikumbuka.

Kwa seremala walifika mara ya pili. Mkewe alitoka jikoni anafuta mikono, akamtazama mumewe aliyekuwa amejikunyata kwenye kiti.

"Mashati yote uliyoyavaa mwaka huu ameyafua nani?"

Seremala alitazama mashati yaliyotundikwa ukutani.

"Basi vaa moja uende."

*

Alasiri Redio na seremala walichomwa vidole. Redio alitoka kundi B. Seremala akatoka A. Dada wa maabara aliyasema majibu taratibu, kama mtu anayemwekea mwenzake mzigo kichwani.

"Kwa mkeo hazifai, kaka. Damu si shati la kuazimana."

"Kwa hiyo tumekuja bure."

"Bure kwa mkeo." Dada alikuwa amechoka, tangu alfajiri hakuwa ameketi vizuri. "Kila anayekuja hapa anatafuta ya mtu wake. Akiambiwa haimfai, anavaa shati anaondoka. Mimi silazimishi mtu, lakini rafu uliiona."

Seremala alitazama mlango. Redio akatazama rafu, ingawa jokofu lilikuwa limefungwa. Alipanda kitandani, akakunja mkono wa shati.

Aliogopa, na haifai kulificha hilo. Mtu aliyeshika wembe miaka yote hiyo alifumba macho sindano ilipokaribia. Ilipoingia haikuuma kama alivyowaambia watu kwamba inauma. Aliona damu yake inateremka kwenye mrija, nyeusi kuliko alivyodhani, na mrija ukapata joto pale ulipogusa ngozi yake. Kwenye kitanda cha pili seremala alikuwa amelala anahesabu mbao za dari kwa midomo.

"Hii itakwenda kwa nani?" Redio aliuliza.

"Sijui. Kwa mtu ambaye saa hizi yuko kazini kwake na hana habari."

Redio alifikiri juu ya mtu huyo. Alifikiri juu ya wanaume wawili waliokuwa wamesimama mlangoni mwake Jumamosi ile, wakarudi kukaa. Hakujua makundi yao. Akajikuta anataka kujua kuliko kitu kingine chochote duniani.

Nyuma ya pazia, upande wa dirishani, alisikia viatu vinaburuzwa, kisha sauti aliyoitambua.

"Dada."

"Naam, mzee. Nimesikia. Pole, mzee wangu. Pole sana."

Redio alishika ukingo wa kitanda. Hakuhitaji kuambiwa.

"Mtoto ni mzima," fundi baiskeli alisema. "Wa kike. Yuko na bibi yake." Viatu vikaburuzika karibu zaidi. "Ile niliyotoa asubuhi, iko wapi?"

"Ipo, mzee. Inamalizia kupimwa."

"Ni kundi la mwanangu ile."

"Ndiyo. Ni O, kama yake."

"Ikitoka safi msiitupe."

"Hatuitupi."

"Kuna mtu hapa analitafuta kundi hilo, nilimsikia. Ana watoto. Nawaomba msiitupe."

Redio alikuwa na sindano mkononi na mrija kwenye sindano. Asingeweza kuinuka hata angetaka. Alilala pale anatazama dari, machozi yanaingia masikioni.

*

Jioni mfuko wa kundi O ulitundikwa juu ya kitanda cha Mama Pacha. Siku ile nzima kundi hilo lilikuwa limetolewa na mtu mmoja tu pale hospitalini, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kumwambia Redio ni wa nani. Mabinti walikaa mmoja huku na mmoja kule, kila mmoja ameshika mkono wa mama yake. Redio alisimama miguuni pa kitanda anaangalia matone. Kila tone lilipoanguka alilifuata kwa macho mpaka likapotea.

Mfuko mmoja haukutosha, lakini ulimvusha. Wa pili uliletwa kwa gari la wagonjwa kutoka hospitali nyingine, asubuhi akapasuliwa. Shemeji fundi rangi alitokea mchana wake, amebeba mfuko wa machungwa na maelezo marefu kuhusu betri ya simu. Redio aliyapokea machungwa.

Mama Pacha alipoweza kusema, aliuliza shuka za wageni zimeishia wapi. Kisha akauliza, "Nani kanitolea?"

"Mtu mmoja."

"Mtu gani?"

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Alikaa ukingoni mwa kitanda akalia kama mtoto aliyechapwa. Mke wake alimtazama kwa mshangao, maana katika ndoa yao hilo hakuwahi kuliona.

"Kumbe unaweza kukosa neno," alisema polepole, akamwekea mkono kichwani.

*

Mtu anayedhani kwamba mtaa uligeuka siku moja hajakaa mtaani. Redio alirudi bandani akawaambia wateja wake wazi kwamba alisema uongo. Wapo waliomwamini. Wapo waliosema sasa amenunuliwa. Wengine walisikitika tu kwamba benchi limepoa. Kuliingiza neno lile kulikuwa kumemchukua asubuhi moja ya kucheka. Kulitoa kulimchukua siku nyingi, mteja mmoja mmoja, mashine imezimwa ili asikike.

Kwa fundi baiskeli hakwenda. Alijua banda lake, lilikuwa kwenye njia panda ya sokoni, na tangu siku ile alizunguka njia nyingine. Msibani alifika, akakaa nyuma kabisa, akaondoka kabla ya kuonekana. Kila alipopanga kwenda alilisikia lile neno alilomtamkia kwenye benchi la hospitali, na miguu ikamgeuka.

Hema liliporudi kiwanjani, miezi mitatu na siku chache baada ya siku ile ya hospitali, Redio alikuwa ameshatoa kiti chake kizima nje, kando ya njia ya kwenda hemani. Kila aliyepanga foleni alinyolewa kwanza, au baadaye, apendavyo. Foleni haikuwa ndefu kiasi cha kuandikiwa gazeti. Alikuwepo Mwalimu, alikuwepo seremala na mkewe, walikuwepo wale wawili wa mlangoni, na watu wengine wachache waliokuja kwa kujificha nyuma ya miwani ya jua. Redio mwenyewe alikuwa wa kwanza kulala kitandani, na pamba ilikuwa bado mkononi mwake.

Saa ya adhuhuri alimwona mzee anakuja anasukuma baiskeli. Alikuwa amepungua, fulana ilikuwa inamning'inia. Aliiegemeza baiskeli kwenye nguzo ya goli, akatazama foleni, akatazama kiti.

"Wewe ndiye wa hospitali," alisema.

"Ndiye mimi, mzee."

"Mkeo?"

"Yupo. Anaendelea vizuri."

"Afadhali." Fundi baiskeli alishika ndevu zake zilizoota ovyo. "Basi nisafishe kidogo kabla sijaingia. Nisiwatishe."

Alikaa. Redio alimfunga kitambaa shingoni, akampaka povu, akanoa wembe. "Mzee wangu, siku ile pale benchini nilikutamkia neno—"

"Siku ile kila mtu alisema lake. Nyoa."

Redio akanyoa. Shavu la kwanza likaisha. Spika iliita watu, ikanyamaza. Mzee alisema akiwa amefumba macho, "Bibi yake mjukuu ananigombeza. Anasema mzee mzima najitoboatoboa, kwani nimepata nini. Nikamwambia miezi mitatu imeshatimia, leo nakwenda. Lakini kweli hata ile ya kwanza sikujua. Waliniahidi hawaitupi. Sijui kama ilifika kwa mtu."

Wembe ulisimama. Redio aliupangusa povu, akainama karibu na sikio la mzee.

"Ipo nyumbani kwangu, mzee," alisema. "Muda huu inafua."

Mzee alifumbua macho. Alimtazama Redio kupitia kioo kidogo alichokuwa ameshikilia, muda mrefu.

"Inafua," alisema.

"Inafua shuka. Za nyumba ya wageni. Ni nyingi, anazilalamikia tangu asubuhi."

"Analalamika."

"Sana, mzee."

Fundi baiskeli alishusha kioo mapajani. Mabega yake yalianza kutikisika chini ya kitambaa, bila sauti, na povu la shavu la pili likapata michirizi. Redio aliuondoa wembe karibu na uso wake, akasimama nao pembeni anasubiri, mkono wake mwingine juu ya bega la mzee. Foleni iliona, ikageuza macho kiwanjani.

Baada ya kitambo mzee alipangusa uso kwa ncha ya kitambaa, akainua kidevu.

"Malizia huku, kijana wangu," alisema. "Foleni isije ikanipita."